Kocha wangu wa gofu Nairobi: nilitaka kumsifu

Nianze kwa kumpa haki yake, hasira isije ikanifanya nimdhulumu mtu. Kocha huyu anaijua gofu. Kwa mipira mifupi ya pembeni mwa grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, sijaona anayefundisha kama yeye. Alinionyesha niegemeze uzito mguu wa kushoto, mikono itangulie mpira kidogo, nisijaribu kuunyanyua mpira bali niuache ujibingirishe wenyewe hadi shimoni. Siku ileile nikawa mtu mwingine. Kama ningeandika wiki ile, angepata nyota nne na mngenisikia namsifu kila mahali.

Sasa yaliyotokea.

Tulikuwa uwanja wa mazoezi wa klabu anayofundishia, asubuhi, majira ya mvua za vuli, nyasi bado zina maji. Shida yangu wakati huo ilikuwa moja: mpira ulitoka vizuri, kisha ukapinda kulia mpaka kwenye miti. Ndiyo iliyonifanya nitafute mwalimu na kulipia masomo mengi kwa mpigo. Kocha akapokea simu. "Endelea kupiga, madam, nakuona." Ananiona vipi na amenipa mgongo? Mazungumzo yalihusu gari la kuuza. Nikapiga, kulia. Nikapiga tena, kulia.

Palikuwa na mzee mmoja, kedi, yaani mbeba mifuko ya fimbo za wachezaji, rika la baba yangu, anayekuja kuokota mipira yetu. Akasogea taratibu, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani mama. Hebu tazama mkono wako wa kushoto ulivyoshika fimbo. Unaona vifundo vingapi vya vidole?"

Nikatazama. Kimoja.

"Uzungushe kidogo kuelekea kulia, mpaka uone viwili, au viwili na nusu. Usibane. Haya, piga."

Nikapiga kwa fimbo namba 7. Hata kabla sijainua macho nilijua, kwa sababu mlio ulikuwa mwingine, mkavu na safi, na mikono haikutetemeka. Mpira ulipita juu ya kibao cha yadi 100 ukiwa katikati kabisa, ukaelemea kushoto kidogo mwishoni, ukatua. Nilipiga makofi peke yangu.

Kocha akakata simu. "Nani amekwambia ubadilishe mkono?" Kabla sijajibu akamgeukia mzee. "Wewe mzee, umekuwa kocha lini? Kazi yako ni kuokota mipira. Okota mipira!"

Watu wa vituo vya jirani waligeuka kututazama. Mzee akasema, "Samahani, bosi," akachukua ndoo yake akaenda.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu mtu wa umri ule unamwamkia shikamoo kwanza, ndipo useme la kusema. Nilimwambia kocha palepale amwombe radhi. Akacheka. Akasema hawa ukiwazoesha watakupanda kichwani.

Na hapa ndipo damu inaponichemka hadi leo: mkono wangu hakuurudisha ulipokuwa! Aliuacha vilevile mzee alivyouweka, akaendelea na somo, na mwisho wa saa akaniambia, "Umeona sasa unavyopiga? Hiyo ndiyo kazi yetu." Kazi yenu nani?

Baadaye nilieleweshwa kwa nini mzee alikuwa sahihi. Mpira huanza safari yake zaidi kuelekea pale uso wa fimbo, yaani upande unaogonga mpira, unapotazama wakati wa kugongana, na ukipinda hewani ni kwa sababu uso na njia ya fimbo havikuelekea pamoja. Mkono wa kushoto ukishikwa kwa namna niliyokuwa nikishika mimi zamani, mara nyingi uso hufika ukiwa umefunguka, yaani umegeukia kulia, na kwa mtu wa mkono wa kulia mpira hukimbilia kulia. Ni maelezo ya dakika mbili. Kocha wangu hakuwahi kunipa. Aliyenipa tiba ni mtu aliyeambiwa aokote mipira.

Wachezaji wengi wa kulipwa nchini hapa walianzia ukedi. Mtoto asiye na pesa za uanachama alipata kugusa fimbo kwa kubeba mfuko wa mwingine, akitazama makosa ya watu kuanzia alfajiri mpaka jioni. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi ameona mikono mingi iliyoshika vibaya kuliko kocha yeyote mwenye cheti ukutani. Halafu unamfokea mbele za watu!

Nilipolalamika kwa wenzangu wa kazini waliniambia nivumilie, huyu amewahi kushinda mashindano, walimu wa namna hiyo ni adimu. Adimu wapi? Kenya Open, mashindano makubwa ya gofu nchini, inachezwa tangu 1967. Seve Ballesteros aliishinda 1978, Ian Woosnam 1986, na mwaka 2019 ikaingia kwenye ratiba ya European Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya kulipwa ya Ulaya. Mji huu umejaa watu wanaoujua mchezo. Na vikombe vya mwalimu vinanisaidia nini mimi? Hank Haney na Sean Foley walimfundisha Tiger Woods, na hakuna kati yao aliyewahi kushinda hata moja kati ya mashindano makubwa manne ya gofu duniani. Kufundisha ni kumtazama mwanafunzi. Ukiwa kwenye simu huwezi.

Lingine, la haraka: alinisukuma ninunue kwake seti kamili ya fimbo 14 nikiwa bado sijui kusimama. Kanuni inasema zisizidi 14. Haikulazimishi kuwa nazo zote, na mwanafunzi anatosheka na nusu yake kwa muda mrefu. Sikununua.

Siku hizi najifunza kwa mama mmoja kwenye uwanja wa mazoezi ulio wazi kwa yeyote. Simu yake hukaa ndani ya mfuko. Nilimuuliza kwa nini nikicheza nyumbani Mombasa fimbo zilezile hazifikishi mpira mbali kama Nairobi, swali ambalo kocha wa kwanza alilijibu kwa kusema nimechoka na safari. Yeye alinieleza habari ya mwinuko, kwamba Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi na haiuzuii mpira sana, kwa hiyo pwani nichukue fimbo ndefu zaidi. Nilijaribu, ikawa. Mpeni mwalimu wenu swali kama hilo kabla hamjalipa, muone kama anajibu au anakwepa.

Nilisema nyota nne? Nazifuta. Nilifikiria kumwachia mbili kwa ajili ya ile mipira mifupi, maana ni kweli alinifunza, lakini kila nikiikumbuka ile "samahani, bosi" naona hata mbili ni nyingi. Moja.

Masomo niliyolipia hayajaisha na kule sirudi. Nimemwandikia kocha, ujumbe ameusoma, kimya. Pesa zilizobaki sizidai zirudi kwangu. Azitume zote kwa yule mzee. Namba yake anayo, ndiyo anayomlipia kwa M-Pesa kila jioni.