nlbwmon kwenye OpenWrt: jua nyumba yako inakula GB ngapi kabla hujahamia kwenye bando

Kama umezoea faiba isiyo na kikomo na sasa unahamia mtaa ambao faiba haijafika, yaani unaenda kuishi na ruta ya laini na GB za kuhesabu, usinunue kifurushi kwa kukisia. Weka nlbwmon, programu ndogo ya kuhesabu data inayopita kwenye ruta, mwezi mzima ukiwa bado kwenye faiba. Mimi nimefanya hivyo na naisifia kwa moyo wote.

Ni ya bure, inakaa kwenye ruta zenye OpenWrt (mfumo huru wa kuendeshea ruta, unawekwa badala ya ule uliokuja nayo), ukiongeza na luci-app-nlbwmon, yaani ukurasa wake wa kuonyesha hesabu, unafungua tu kwenye brauza unaona kila kifaa cha humo ndani kimeshusha kiasi gani na kimepandisha kiasi gani. Utamu wake uko hapo. Simu inajihesabia yenyewe, laptop hivyo hivyo, sasa tivii nani anaihesabia? Kwetu tivii ndo iliongoza, wengine wote iliwaacha mbali, na si ajabu maana Netflix wenyewe wanasema HD inafika mpaka GB 3 kwa saa, 4K mpaka GB 7, ila ukishusha ubora mpaka chini kabisa ni GB 0.3, sasa piga hesabu watoto wakiwa likizo!! Ya pili ilikuwa laptop ya Windows na apdeti zake, hiyo iwekee "metered" (yaani iambie data ni ya kuhesabu) kwenye Wi-Fi mapema alafu zima na Delivery Optimization, maana inaweza kugawia apdeti kompyuta za watu wengine kwa bando lako.

Kasoro zipo. Haikwambii app gani imekula, vitu vingi vinasomeka HTTPS tu, yaani njia ya kawaida ya mtandao inayotumiwa na app na tovuti karibu zote, basi. Simu zinazoficha MAC (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao) zinatokea hazina jina, inabidi uziwashe moja moja ujue ipi ya nani. Kubwa zaidi, rekodi zake zinakaa kwenye RAM (memori ya muda) kama hujabadilisha, kwa hiyo umeme ukikatika hesabu yote inapotea, na umeme wetu tunaujua, hamishia folda ya databesi kwenye flashi (memori isiyofutika umeme ukikatika) kabla ya yote. Hesabu inaanza tarehe 1 ya mwezi ila unaweza kuisogeza ilingane na siku bando lako linapoanza, hiyo nimeipenda sana.

Ruta nyingi za kampuni za simu hazikubali OpenWrt, so angalia orodha ya vifaa kwenye tovuti ya OpenWrt kabla hujatoa hela.