Kikokotoo kilisema saa 8, basi likatumia 17 na nusu

Nilitaka kwenda Nairobi kwa dada nikitokea Dar es Salaam, nikaingia kwenye tovuti moja ya kukokotoa umbali kati ya miji. Unaandika mji wa kwanza, unaandika wa pili, majibu yanakuja papo hapo: kilomita 670, kwa gari saa 8 na dakika 22.

Basi letu lilikuwa linaondoka Mbezi saa 12 asubuhi. Raha ya kuondoka saa 12 ni kwamba huhitaji kujumlisha, muda wa safari ndiyo saa ya kufika. Nikamwambia dada aniwekee chakula cha mchana.

Kutoka Mbezi hadi Chalinze, ambako hata kilomita 100 hazifiki, tulitumia saa 2 na nusu. Foleni ya malori Kibaha, foleni nyingine Mlandizi. Ilipogonga saa 8 na dakika 22 mchana, dada akapiga: "Umefika wapi?" Nikamjibu, "Same." Akakata simu bila kusema neno.

Hapo nikatoa simu na kukipekua kile kikokotoo vizuri. Kumbe 670 ni umbali wa angani, mstari ulionyooka anaopita ndege. Barabara ya Segera, Moshi, Arusha na Namanga inakaribia kilomita 900. Na hizo saa 8 na dakika 22? Gawanya 670 kwa 80, utazipata. Yaani wamechukua njia ya ndege wakampa dereva wa basi. Tena 80 ndiyo mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa basi Tanzania, na kwenye kila kijiji kuna kibao cha 50.

Mpaka ndio hawakuufikiria kabisa. Arusha tuliingia saa 11 na nusu jioni, Namanga saa 1 na nusu usiku. Siwezi kulaumu utaratibu wa pale: tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2018, unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya katika jengo moja, na Mtanzania hahitaji viza. Mimi nilimaliza kwa dakika 15. Lakini basi haliondoki na mtu mmoja. Mizigo ilishushwa ikapita kwenye mashine, kisha abiria mmoja akawa hakioni cheti chake cha homa ya manjano, akapekua mabegi matatu. Kilikuwa kwenye mfuko wa shati. Saa 1 na dakika 20 zikaisha hapo. Nairobi tuliingia saa 5 na nusu usiku.

Kikokotoo nakipa nyota 2 kati ya 5. Wanaopanda ndege kitawafaa, maana hiyo 670 ni yao, na saa walizoweka za kuruka, moja na robo, hazina tatizo. Tofauti ya saa kati ya miji hii waliandika sifuri, ni kweli. Kwa anayepanda basi, hapana.

Wakati wa kurudi nilipiga hesabu yangu mwenyewe: 900 gawanya kwa 55, mwendo wa wastani wa basi letu, ongeza saa moja na nusu ya Namanga. Ikaja karibu saa 18. Tulifika Mbezi dakika 20 kabla ya hapo, na safari hii sikumwahidi mtu chakula.