Likizo ya familia kisiwani ukitokea Dar: Mafia, Jambiani, Pemba au Mbudya?

Shule zikikaribia kufungwa, mjadala huwa uleule. Mama anataka kisiwa chenye utulivu, baba anauliza bei, watoto wanataka maji tu. Mtu anafungua simu, anaona picha ya bahari ya samawati, analipa. Kumbe picha ile ilipigwa maji yamejaa. Familia inashuka garini saa nne asubuhi, siku ya bamvua, bahari imekimbilia huko kwenye mwamba, na watoto wamesimama na maboya yao kiunoni wakitazama majani ya bahari na tope.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha visiwa, tazama mwezi. Kwenye pwani yetu, bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3. Siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Wiki moja baadaye huja maji mafu: bahari haiendi mbali, na maji hujaa asubuhi, saa ambazo watoto wanataka kuoga. Mwenye wadogo wanaolala mchana apange safari yake kwenye maji mafu. Anayepokea simu za hoteli hatakwambia hili mpaka umuulize.

Upepo nao una neno. Likizo ya Juni huangukia kusi, ambayo hupiga upande wa mashariki wa visiwa na kuchafua njia za boti. Desemba ni kaskazi. Masika, Machi hadi Mei, bei hushuka sana, ila baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa.

Orodha hii nimeipanga kwa kupima utulivu pamoja na urahisi wa kuwa na watoto. Bei nimeiweka mwisho kwa sababu hubadilika kila msimu.

1. Mafia

Kwa familia yenye watoto wa kuanzia miaka saba hivi, sioni cha kushindana nayo, hasa Desemba. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe huja kula karibu na Kilindoni, mbele tu ya mji. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo, hivyo mtoto hana cha kuogopa zaidi ya ukubwa wenyewe. Anayejua kuogelea vizuri hushuka na miwani, asiyejua hubaki kwenye boti na kuona mgongo wenye madoa ukipita ubavuni. Chagua boti yenye maboya ya saizi ya mtoto. Boya la mtu mzima linamtoka mtoto kupitia kichwani akitumbukia, kwa hiyo halihesabiki.

Wengi hulala Utende, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini. Getini mnalipa kiingilio kwa kila siku mnayokaa, na gharama hiyo mara nyingi haimo kwenye bei ya chumba. Uliza mapema. Jua pia kwamba ufuo wa Utende una mikoko. Anayetaka mchanga mweupe mlangoni atavunjika moyo. Kuoga kuzuri kuko kwenye mafungu ya mchanga katikati ya bahari, mnapelekwa kwa boti na chakula chenu. Siku moja vukeni kwenda Chole, palipokuwa makao ya serikali ya Wajerumani kabla hayajahamia Kilindoni. Magofu yamemezwa na mizizi ya miti, na popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe juu ya vichwa vya watu. Watoto hawasahau popo wale.

Usafiri ndio unaopunguza watu huko, na ndiyo maana pametulia. Ndege kutoka Dar ni kama nusu saa. Njia ya bei nafuu ni kupanda gari Mbagala mpaka Nyamisati, kisha meli. Mwanzo mnapita kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, maji yametulia kabisa. Mkitoka kwenye bahari kubwa wakati wa kusi, andaa mifuko ya kutapikia. Mwenye mtoto mchanga, kama mfuko unaruhusu, apande ndege.

2. Jambiani na Makunduchi, Unguja

Watu wakisema Zanzibar wanamaanisha Nungwi. Nungwi ina faida kubwa: maji hayatoki mbali, unaoga saa yoyote. Ila utulivu umekwisha huko. Paje nako ni vijana, wanaoteleza juu ya maji kwa tiara za upepo, na muziki mpaka usiku. Shuka kidogo kusini.

Jambiani ni kijiji kwanza, hoteli baadaye. Maji yakitoka, badala ya kununa, wavishe watoto yeboyebo muingie nao. Wanawake wapo kwenye mashamba ya mwani, wamefunga vishada kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti, na kwenye madimbwi kuna kaa, viti vya pweza (wale viumbe wa umbo la nyota) na samaki wa kidole kimoja. Bila viatu msijaribu, ile miiba myeusi ya bahari haina huruma. Makunduchi ni pakimya zaidi, isipokuwa Julai wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, wiki ambayo kijiji hufurika.

Kinachoipandisha sehemu hii juu ya Pemba ni wepesi wake. Boti ya mwendo kasi ni kama saa mbili, gari kutoka mjini ni mwendo wa kawaida, na duka la dawa halipo mbali. Mwenye uwezo na watoto wakubwa anaweza kuongeza kisiwa kidogo cha Chumbe: vibanda saba tu, mnara wa taa wa 1904, na matumbawe ambayo si lazima uzamie ili kuyaona.

3. Pemba

Kwa utulivu mtupu, Pemba inaizidi hata Mafia. Vilima, mikarafuu, harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi barabarani. Lakini kisiwa hiki hakijajipanga kwa ajili ya mtalii mwenye watoto watatu. Fukwe nzuri ziko mbali na miji. Vumawimbi, kule kaskazini kupita msitu wa Ngezi, ni refu na mara nyingi hakuna mtu, maana yake pia hakuna kibanda cha soda, basi bebeni maji na chakula. Hoteli ni chache, na bei zake ama ni za chini sana ama za juu sana. Mavazi ya staha mkiwa vijijini, na mwezi wa Ramadhani msitegemee mgahawa mchana.

4. Mbudya

Hapa ni kwa siku moja, kwa wasio na likizo. Boti ni kutoka Kunduchi, dakika chache tu. Unakodi banda la makuti, unachagua samaki wako mbichi aina ya changu, analetwa na chipsi. Nenda Jumanne au Jumatano. Jumapili na sikukuu kila banda lina spika yake. Maji ya kunywa beba ya kutosha, kisiwa hakina kisima.

Kilwa Kisiwani sikuiweka kwenye orodha kwa kuwa watu huiendea magofu. Lakini mwenye kijana wa sekondari anayependa historia asiikose.

Maswali ya kuuliza kwenye simu

Bei ni ya chumba au ya kila kichwa? Kuna bei ya mkazi, na kitambulisho gani kinatosha? Mtoto hulipiwa kuanzia umri gani? Chandarua kinafika mpaka kitanda cha mtoto? Umeme ukikatika usiku, feni inaendelea? Kwa Mafia na Pemba ongeza moja: meli isipoondoka kwa sababu ya upepo, ule usiku tuliokwishalipia unahesabiwaje? Majibu yawe kwenye ujumbe wa maandishi kabla hujatuma pesa.