Hina ya Nywele: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Hina ina rangi moja tu. Jani la mhina ukilikausha, ukalisaga na kulikanda kwa maji, hutoa wekundu wa kutu. Kwenye mvi wekundu huo unakuwa rangi ya shaba, na kwenye nywele nyeusi hauonekani mpaka utoke juani. Basi ukikuta dukani pakiti tano zimepangwa, moja nyeusi, moja kahawia, moja burgandi, moja ya dhahabu na moja nyekundu, na zote zimeandikwa hina, jua kwamba nne kati ya hizo zimetiwa kitu kingine. Huenda kitu hicho ni jani la mmea mwingine lisilo na neno. Huenda pia ni dawa ya kiwandani inayoweza kukuvimbisha uso. Tofauti hiyo uijue kabla hujatoa pesa.

Mimi nilianza kupakwa hina na bibi yangu Mombasa, barazani, nimefungwa leso kuukuu mabegani. Siku hizi najipaka mwenyewe kila baada ya wiki sita hivi, mvi zikianza kuchungulia kwenye paji. Nimenunua hina nzuri na mbovu, ya pakiti na ya kupimiwa kwa mzani. Huu hapa mpangilio wangu, nikianza na ile ninayoitafuta kwanza.

1. Unga wa hina tupu, uliochungwa

Hii ndiyo ya kwanza, na hainipi shida kuichagua. Geuza pakiti usome vilivyomo. Liwepo jina moja tu: Lawsonia inermis, ndilo jina la kitaalamu la mhina. Likifuatwa na jina lingine lolote, hiyo si hina tupu. Isipokuwa na orodha kabisa, irudishe rafuni.

Hina nyingi nzuri ya pakiti hutoka Rajasthan, India, hasa mji wa Sojat katika wilaya ya Pali, ambako mashamba ya mhina yameenea na wenyeji wanaishi kwa zao hilo. Lakini neno "Sojat" kwenye pakiti halitoshi. Tafuta mwaka wa mavuno. Rangi ya hina hufa polepole kwa joto, mwanga na unyevu, na pakiti iliyokaa dirishani kwa muuza duka inapigwa na jua kila siku itakutia rangi hafifu hata kama ilisagwa na mabingwa. Mwambie muuzaji akutolee ya ndani, kwenye boksi.

Ukiifungua, itazame na uinuse. Unga mzima una kijani kilichofifia, kama mchicha uliokaushwa, na harufu yake ni ya nyasi kavu. Ukiwa wa kahawia, umezeeka. Ukiwa kijani kikali kinachong'aa, shuku kwamba umetiwa rangi ili uonekane mpya. Koroga kidogo kwa maji baridi, weka tone juu ya karatasi nyeupe ya jikoni. Maji ya kijani kibichi yakitapakaa hapo hapo, ni rangi ya kutiwa. Hina hutoa alama ya manjano au rangi ya chungwa, tena taratibu.

Kuna jaribio la mchanga pia. Tia kijiko kimoja ndani ya glasi ya maji, koroga, uache dakika kadhaa, kisha mimina maji pole pole na upapase kilichobaki chini. Mchanga utausikia vidoleni. Kuna hina ya kupimiwa iliyonenepeshwa kwa mchanga, na wewe unalipia uzito.

Suala la kuchungwa wengi hawalitilii maanani, na kwetu sisi wenye nywele za kipilipili ndilo kubwa. Unga wenye vijiti na chembe nene hunasa ndani ya nywele zilizojikunja na hautoki kwa suuza mbili wala tatu. Utakuwa unaokota majani kwenye mto wa kulalia siku ya nne. Unga uliochungwa vizuri ni laini kama poda ya mtoto. Ukiwa umekwisha nunua ule mnene, uchunge mwenyewe kwa kitambaa chepesi cha mtandio.

Bei ipigie hesabu kwa gramu 100, usiangalie ukubwa wa boksi. Nywele fupi zinakula gramu 100, za kufika mabegani 200, ndefu na nzito 300 mpaka 500. Mvi za mpaka wa paji peke yake zinatosheka na gramu 50.

Na kwa kuwa hina nzuri huharibiwa na mkandaji, niseme na hili. Maji yanayochemka usitumie. Kanda kwa maji ya uvuguvugu na kitu chenye uchachu kidogo, mpaka uwe mzito kama mtindi, funika na uache. Uchachu huifanya rangi itoke polepole na isiharibike upesi. Ndimu inafanya kazi hiyo, lakini hukausha nywele na kuwasha ngozi ya kichwa, kwa hiyo mimi nimehamia choya: nachemsha maua yake, naacha yapoe, nakandia maji yake. Kwa joto la Mombasa au Dar, saa nne hadi sita zinatosha. Nairobi au Arusha wakati wa baridi, iache usiku kucha. Utajua iko tayari uso wa juu ukigeuka kahawia huku ndani kukiwa bado kijani. Paka kwenye nywele safi, funika kwa mfuko au kofia ya plastiki, kaa nayo saa mbili mpaka nne. Siku ya kwanza rangi itakuwa ya chungwa kali na utashtuka. Subiri siku tatu, itakolea.

2. Majani ya uani

Mhina unaota vizuri pwani, na ukiwa na jirani mwenye mti una bahati kuliko mwenye pesa. Chuma majani machanga, yakaushe kivulini, saga kwenye kinu au mashine ya viungo, chunga. Unajua umri wake na unajua haikutiwa kitu. Nimeiweka nafasi ya pili kwa sababu moja: nguvu yake haitabiriki. Rangi ya hina inatokana na kiini kimoja kiitwacho lausoni, ambacho mara nyingi hakifiki asilimia 3 ya uzito wa jani, na kiasi hicho hubadilika kwa udongo, mvua na jua. Mhina uliokulia penye ukame na jua kali huwa na rangi kuliko ule unaonyweshwa kila siku. Kwa hiyo kusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo, zipake, ungoje saa tatu, uzitazame juani. Jaribio hilo lifanye kwa hina yoyote mpya, hata ya pakiti.

Wenye jamaa Muscat huletewa hina ya Oman ndani ya mabegi, na mara nyingi ni nzuri, ila ukaguzi ni ule ule: rangi, harufu, mchanga, nywele za chanuo.

3. Hina na nili, kila moja na pakiti yake

Hii ni ya anayetaka nyeusi au kahawia ya kweli bila dawa za kiwandani. Nili ni jani la mmea mwingine, Indigofera tinctoria, nalo hutoa buluu. Wekundu wa hina na buluu ya nili vikikutana kwenye unywele huleta kahawia iliyokolea au weusi.

Nunua pakiti mbili mbalimbali, kwa sababu hizi mbili hazilowekwi namna moja. Hina inataka saa kadhaa na uchachu. Nili inataka maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, hukaa dakika 10 au 15 tu, halafu ipakwe haraka kabla haijapoteza nguvu. Pakiti iliyochanganywa tayari inakulazimisha uchague moja uiharibu. Kwa kahawia, changanya hina iliyolala na nili mbichi, upake mara moja. Kwa nyeusi, paka hina kwanza, osha, kisha paka nili juu yake saa moja au mbili. Mvi sugu za pembeni huenda zikataka mkono wa pili.

Ni kazi ya siku nzima, na nili huchafua beseni na mto wa kulalia. Lakini kwa mtu ambaye ngozi yake imeikataa dawa ya dukani, hakuna njia nyingine ninayoijua ya kupata weusi.

4. Hina yenye mitishamba

Hapa ndipo zilipo pakiti nyingi za madukani, kama Godrej Nupur yenye hina na mitishamba tisa: amla, shikakai, uwatu na wenzake. Rangi yake ni nyepesi kwa kuwa hina ni sehemu tu ya uzito. Ukiwa huna mvi na unatafuta nywele zinene, zing'ae na zisikatike, inakufaa, tena bei yake si kubwa. Ukiwa na mvi, utairudia kila wiki mbili na utachoka.

Mwenyewe naona ni bora ununue hina tupu na uchanganye unachokitaka. Kijiko cha uwatu uliosagwa huleta uteleziutelezi unaosaidia kuchana. Majani ya mkunazi ya unga yanasafisha kichwa bila kukikausha. Mafuta ya nazi usiyatie ndani ya hina, yanazuia rangi isishike. Yapake baadaye, ukishaosha. Hina, hata ile safi kabisa, hushikamana na unywele na kuufanya mgumu kidogo siku za mwanzo, kwa hiyo mafuta au kondishena baada yake si anasa. Wengine huona mawimbi ya nywele yamelegea. Unayejivunia mkunjo wako ujue hilo.

Hina ya koni iache kwa maua ya mikononi, na hata huko uliza kilichomo. Haifai kichwani, na nyingi zimetiwa vitu vya kuifanya isiharibike.

Usinunue: "hina nyeusi" na hina ya dakika kumi

Shangazi yangu alipaka hina nyeusi ya pakiti siku mbili kabla ya harusi ya binti yake. Jioni hiyo alipendeza. Asubuhi yake mpaka wa nywele ukaanza kumwasha, na kufikia adhuhuri macho yalikuwa yamefunga kwa uvimbe. Harusi aliisikia kwa simu, kitandani hospitalini. Pakiti tuliitafuta kwenye taka: imeandikwa ni ya asili, ina picha ya jani, na haikuwa na orodha ya vilivyomo.

Kinachofanya weusi wa haraka ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Ndiyo iliyomo katika dawa nyingi za nywele, na Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha asilimia 2 wakati wa kupaka nywele, na kuikataza kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Pakiti isiyotaja kilichomo haikuambii imetia ngapi. Wala usijipe moyo kwamba mara ya kwanza haikukudhuru: mwili unaweza kuvumilia mara moja au tatu, kisha ukaikataa, na ukishaikataa ni kwa maisha yote. Wasichana waliochorwa maua ya mikononi kwa piko nyeusi, ambayo mara nyingi ina PPD hiyo hiyo, harusini wakiwa wadogo huja kugundua hivyo siku ya kwanza wanapopaka rangi ya nywele saluni.

Hina tupu haiwezi kutoa weusi, na haiwezi kumaliza kazi kwa dakika kumi. Hayo mawili yakiandikwa kwenye pakiti, usihitaji kusoma zaidi.

Kwa mwenye upungufu wa G6PD

Jambo hili halisemwi sokoni. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachokinga chembe nyekundu za damu, ambao ni wengi katika maeneo ya malaria ikiwemo pwani yetu, wanaweza kudhurika na hina yenyewe, hata iliyo safi. Lausoni ikipita kwenye ngozi huvunja chembe nyekundu za damu. Watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi, kwa ngozi yao nyembamba, kwa hiyo mtoto mdogo asipakwe kabisa. Mtu mzima aliyewahi kupata mkojo mweusi au manjano baada ya dawa fulani, aulize hospitalini kwanza.

Kiasi cha kununua

Wenye dawa ya kulainisha nywele, mimi naachia wiki mbili kati ya dawa na hina. Usinunue kilo nzima kwa kuwa ni rahisi. Nunua ya kutosha mara mbili au tatu, uiweke kwenye chupa iliyofungwa mbali na mwanga, au kwenye friza. Hata iliyokandwa ikibaki, ifunge na uigandishe. Mimi nagandisha vipande vidogo vidogo vya ukubwa wa ndimu, na kimoja kinatosha mvi za paji.