Kupanda meli na watoto kutoka Mwanza: ipi iwe ya kwanza, ipi ingoje

Likizo ya Juni ikikaribia, na ile ya Desemba pia, majirani hapa mtaani huniuliza swali lile lile: "Tupande meli gani na watoto?" Nimesafiri Ziwa Victoria na wanangu watatu mara nyingi, tukienda kwa bibi yao upande wa Kagera na mara nyingine kutembea tu. Jibu langu ni kwamba jina la meli lije mwisho. Anza na umri wa mtoto wako mdogo kuliko wote, kisha daraja la tiketi, kisha uamue kama mtasafiri usiku au mchana. Meli mbili zinazofanana kama mapacha zitakupa safari mbili tofauti kabisa, kwa sababu tu ya mahali mlipolala.

Jambo jingine limebadilika. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, lile la kilomita 3 linalokatiza ghuba, mwenye haraka ya kufika Bukoba anapanda basi na hangoji kivuko tena. Ukipanda meli siku hizi na familia, unanunua safari yenyewe. Kwa hiyo inunue kwa makini.

Ya kwanza: meli kubwa ya Bukoba, kwa chumba

Kwa familia yenye watoto wa kuanzia miaka 6 hivi, hakuna kinachoishinda. Meli huondoka Mwanza usiku, hupitia bandari ya Kemondo, na asubuhi mko Bukoba. Mtoto analala kitandani huku sakafu ikinguruma chini yake, akiamka anaona maji kila upande. Wangu wa pili alisimama dirishani alfajiri, paji la uso limegusa kioo, akaniuliza nchi imekwenda wapi.

Hapa watu hubishana: MV Victoria au MV Mwanza? Kwa karatasi zinalingana, kila moja imejengwa kwa abiria 1,200. Victoria ni bibi wa ziwa hili. Ilijengwa Uskoti, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Ilisimama 2014, ikakarabatiwa, ikarudi majini 2020. Mwanza ni mpya, imejengwa hapa hapa jijini na kushushwa majini Februari 2023. Ina urefu wa mita 92.6, na imetengenezewa nafasi ya magari madogo 20 na makubwa 3.

Sasa tazama namba ambayo wengi hawaiangalii. Katika zile nafasi 1,200 za MV Mwanza, 834 ni za daraja la tatu. Daraja la pili ni 200, la biashara 100, na la kwanza ni 60 tu. Ndiyo maana ukimuuliza shemeji yako atakuambia meli ni nzuri sana, na ukimuuliza fundi wako atakuambia hakupata usingizi hata kidogo. Wote wanasema kweli. Walipanda meli moja, wakasafiri safari mbili.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: chumba cha daraja la kwanza kwenye meli yoyote kati ya hizo kinashinda daraja la tatu kwenye meli mpya. Nafasi hizo ni chache na huisha mapema, hasa shule zinapofungwa, basi nenda dirishani siku kadhaa kabla. Ukikosa, chukua daraja la pili la kulala, lakini uliza kama vitanda vyote vya chumba ni vyenu au mtawekwa na watu msiowajua. Wenye watoto wa kike mnaelewa kwa nini nasisitiza. Uliza pia chumba kiko upande gani. Kilicho karibu na injini kina joto na kelele, na mtoto mchanga hatalala.

Daraja la tatu na watoto wadogo silipendekezi kwa safari ya usiku. Si dharau, nimelisafiri sana nikiwa kijana. Lakini mtoto wa miaka 3 anapochoka kukaa hana pa kujinyoosha, na mama hafumbi jicho akihofia katoto katambae hadi kwenye ngazi.

Mkirudi kutoka Bukoba, msiende kulala mapema. Meli ikifika Kemondo, wapelekeni watoto juu waone mizigo inavyopakiwa. Wapagazi wanapanda na mikungu ya ndizi mabegani, mibichi hivyo hadi utomvu unawachuruzika mgongoni, na harufu yake inajaa sitaha nzima. Wanangu hukumbuka Kemondo kuliko Bukoba.

Ya pili: Nansio, mchana

Wenye watoto chini ya miaka 6, kwenu hii ndiyo namba moja. MV Butiama ni meli ndogo, abiria 200 na tani 100 za mizigo, na safari ya kwenda Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe, ni kama saa tatu. Urefu huo mtoto anauvumilia. Hakuna haja ya chumba, mnahitaji tu viti vyenye kivuli na upepo. Mnaona mawe ya Mwanza yakididimia nyuma, visiwa vikijitokeza mbele, wavuvi wa dagaa wakirudi. Mkifika mnakula machungwa ya Ukerewe, mnalala Nansio, na kesho yake mnapanda kwenda kwenye mapango ya Handebezyo. Ukubwa wa kisiwa huwashangaza wageni. Ndicho kikubwa kuliko vyote ziwani, kina barabara na mashamba, na mtu anaweza kusahau kuwa amezungukwa na maji.

Wiki yenu ikiwa fupi, hii inatosha kabisa.

Ya tatu: Saanane

Saanane ni kisiwa kidogo karibu na jiji. Hii ni boti ya dakika chache kutoka Capri Point hapa Mwanza, si meli, lakini naiweka hapa kwa sababu ni kipimo kizuri. Mtoto ambaye hajawahi kupanda chombo cha majini, mpeleke Saanane kwanza. Akitapika au akilia, mmeshafika. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kilomita za mraba 2.18 tu, yaani mnaizunguka kwa miguu. Pimbi wanaota jua juu ya miamba, na mijusi wale wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu wanapanda na kushuka kama wanafanya mazoezi. Bei yake kwa Mtanzania haiumizi.

Ya nne: boti za mwendo kasi

Zinawahi, ni kweli. Lakini mnakaa ndani mmebanana, na maji yakichafuka boti inapiga mawimbi kwa tumbo. Mwaka juzi nilipanda mojawapo na wanangu. Nikaomba majaketi okozi ya watoto, nikaambiwa yako kabatini na ufunguo anao mtu aliyebaki nchi kavu. Tulishuka kabla haijang'oa nanga, na nauli yangu sikurudishiwa. Sijutii hata shilingi.

Mitumbwi ya injini siipangi nafasi. Usiweke mtoto wako humo kwa matembezi.

Kabla ya kulipa

Sisi wa Mwanza hatuna ruhusa ya kusahau. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa inakaribia kufika hapa, na makaburi ya Igoma tunayapita kila siku. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimebeba zaidi ya hao, wakafa zaidi ya 220. Kwa hiyo jina la kila mtoto liandikwe kwenye orodha ya abiria, hata yule wa mgongoni asiyelipiwa nauli. Mkiingia, ulizeni majaketi ya watoto yako wapi na muwavishe hapo hapo kwa kujaribu. La mtu mzima humponyoka mtoto kichwani. Ukiona watu wamejaa hadi kwenye ngazi, shukeni.

Tiketi kateni dirishani, si kwa wapiga debe wa getini. Soma imeandikwa bandari gani, kwa maana Mwanza ina ya Kaskazini na ya Kusini, na nimeona familia nzima ikikimbizana na bajaji usiku kwa kosa hilo.

Kuhusu majira: Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki una nguvu, na ukishatoka kwenye ghuba meli huyumba. Machi hadi Mei ni mvua, na ngurumo za ziwa letu huja zaidi usiku wa manane na alfajiri. Maji hubaki na joto usiku huku hewa iliyopoa ya nchi kavu ikikimbilia ziwani, na mawingu huumuka hapo. Kama mnaweza kuchagua, mimi huchagua Januari au Februari. Watoto wakiwa shuleni, basi mwisho wa Desemba.

Bebeni tangawizi, limau, sweta kwa kila mtoto, maji, chapati za nyumbani, na khanga mbili za ziada. Moja ya kujifunika, nyingine ya kufungia dirisha wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi wanapovutwa na taa. Na mkirudi, acheni nafasi kwenye begi. Bibi hatakubali muondoke Kagera bila mkungu, na Novemba ikiwa na senene, pia kopo lao.