Nywila 11 kati ya 150: nilivyohangaika kuzitoa

Nilipokuwa naiaga ofisi yetu ya wakala wa mizigo hapa Moi Avenue, kijana aliyerithi meza yangu alihitaji nywila 11: iTax, eCitizen, barua pepe za kampuni na kadhalika. Programu yangu ya kuhifadhi nywila ilikuwa na 150 na ushee, za kazi na zangu mchanganyiko, mpaka za chama na za benki.

Programu hiyo, jina nalihifadhi, hutoa zote au haitoi kitu. Tena huzitoa kwa faili la CSV, maandishi matupu. Yeyote akilifungua anasoma kila kitu kama risiti ya duka. Nikasema haidhuru, nitafuta nisizozitaka. Nikalifungua kwa Excel, nikafuta, nikahifadhi, nikampa kwenye flashi.

"Dada, hii inakataa."

Tukaangalia pamoja. Jina la kuingilia lilikuwa namba ya simu ya ofisi, na sifuri ya mbele haipo: 07 imekuwa 7. PIN ya 0046 imebaki 46. Excel imeona tarakimu, ikadhani ni hesabu za kujumlisha! Na wakati tunacheka, nikakumbuka faili zima, na benki yangu ndani, bado limekaa kwenye folda ya vipakuliwa ya kompyuta tunayoitumia watu wanne.

Nikahamia KeePass 2 ya Windows, programu nyingine ya kuhifadhi nywila. Ni ya bure, na inasoma CSV, kwa hiyo nililiingiza faili lile humo, kisha nikalifuta na kumwaga na pipa la taka. Kwenye KeePass unashikilia Ctrl, unachagua mistari unayoitaka, na unaweza kutoa hiyo tu. Mimi CSV sikutaka kuiona tena: nilinakili zile 11, nikaunda hifadhi mpya yenye neno siri lake, nikazibandika humo. Faili hilo la KDBX, aina ya faili za KeePass, limefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo flashi ikidondoka kwenye feri ya Likoni, aliyeiokota hasomi kitu. Neno siri nilimwambia kwa mdomo.

Sura ya KeePass ni ya kizamani mno, na kwenye simu lazima utumie programu za watu wengine zinazosoma KDBX, mfano KeePassDX. Kwa kazi hii nimevumilia.

Kesho yake akapiga tena: "Dada, na ya Wi-Fi?" Hiyo imeandikwa kwa kalamu nyuma ya ruta.