Trekta la HP 50: plau, ripa, haro au rotaveta, uanze na ipi?

Mtu anatafuta trekta mwaka mzima. Anasikiliza injini, anajaribu gia, anamleta fundi wake. Zana ya kufunga nyuma anaichukua siku moja, kwa hela iliyobaki. Ndivyo nilivyofanya na mimi. Niliuziwa plau ya sahani tatu, nzito, nikaambiwa trekta langu linaimudu. Kuvuta lilivuta. Tulipoinyanyua ili tuvuke tuta, magurudumu ya mbele yakaelea hewani na usukani ukawa hausikii. Aliyekuwa akiendesha ni mtoto wa dada yangu. Alishusha plau haraka, trekta likatulia, lakini moyo wangu haukutulia wiki nzima.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, jua uzito. Plau ikiwa imenyanyuliwa, magurudumu ya mbele yanatakiwa yabaki yamebeba angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta. Yakibeba pungufu ya hapo, ongeza vyuma vya uzito mbele au chukua zana nyepesi. Pima na pini za zana, zinazoingia kwenye mikono miwili ya chini ya trekta inayoinyanyua. Za kundi la kwanza zina unene wa milimita 22, za kundi la pili milimita 28. Pini nyembamba kwenye tundu pana italichimba tundu lenyewe mpaka lilegee.

Mpangilio huu ni wa mtu mwenye trekta moja, anayelima mahindi au alizeti kwenye ukame kama wetu wa Dodoma, na anayelimia watu kwa ekari ili arudishe fedha yake.

Ya kwanza: plau ya sahani. Kwa HP 50 sahani mbili zinatosha kwenye udongo mgumu. Tatu ni za udongo mwepesi, na trekta liwe zito mbele. Mashamba yetu mengi yana visiki na mizizi, na sahani ikikuta kisiki inazunguka na kupanda juu yake badala ya kukwama. Halafu mteja anapokuja kuulizia kulimiwa, anachokifahamu ni plau.

Plau hii inazama kwa uzito wake, ndiyo maana ile nyepesi ya bei rahisi inakwaruza tu ardhi iliyokauka. Utaona watu wanamkalisha kijana juu ya fremu ili iume. Nakuomba sana usikubali jambo hilo shambani kwako. Trekta likiruka tuta, kijana anaangukia mbele ya sahani.

Ukiwa kwa muuzaji, omba plau inyanyuliwe kutoka chini. Shika sahani kwa mikono miwili, juu na chini, uitikise. Ikicheza, beringi imekwisha. Izungushe taratibu huku umetega sikio: mkwaruzo wa mchanga maana yake sili imepasuka na vumbi limeshaingia kwenye grisi. Kwa plau iliyotumika, kagua fremu pale zinapoungwa shingo za sahani. Rangi mpya sehemu hiyo peke yake huwa imefunika ufa uliochomelewa. Mwisho angalia gurudumu dogo la nyuma, ambalo wengi hulipita. Ndilo linalozuia plau isisukumwe pembeni, na likilegea mstari wote unapinda.

Ya pili: ripa. Kwa shamba langu mwenyewe ningeiweka ya kwanza. Ripa haigeuzi udongo, inachana mistari tu, tena inafanya kazi vizuri ardhi ikiwa kavu kabla ya mvua ya Desemba. Mvua ikinyesha, maji yanazama kwenye mifereji. Inavunja pia lile tabaka gumu linalotengenezwa na plau ikilima kina kilekile miaka nenda rudi. Piga hesabu: kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, plau inayokata upana wa sentimita 80 itamaliza ekari kwa karibu saa moja na robo, pamoja na kugeuza. Ripa ya meno mawili yaliyoachana sentimita 75 inashika upana wa mita moja na nusu, hivyo unatumia karibu nusu ya muda huo. Nimeishusha nafasi moja kwa sababu wateja wengi wakiona shamba halijageuzwa wanahisi wamepunjwa. Nunua yenye ncha za bolti, zinazobadilika zikilika.

Ya tatu: haro. Ni safu za sahani ndogo zinazopita baada ya plau ili kuvunja mabonge. Kwenye kichanga inaweza kufanya kazi yote peke yake, na huko ipandishe daraja. Sahani 14 hadi 16 zinatosha HP 50.

Ya nne: rotaveta, yenye visu vinavyozungushwa na injini ya trekta kusaga udongo. Wa mpunga Mbarali na Kilombero wasinifuate hapa, kwao inastahili kuwa juu kabisa, maana inavuruga tope vizuri. Huku kwetu kisiki kimoja kinaweza kuvunja gia, kichanga kinakula visu, na udongo unasagwa kuwa vumbi linaloondoka na upepo. Ukiitaka, isizidi upana wa mita moja na nusu, na hakikisha shafti ya PTO, ile inayotoa nguvu ya injini nyuma ya trekta kwenda kwenye zana, ina kava lake la plastiki. Shafti iliyo wazi ikidaka nguo haimpi mtu nafasi ya kujiokoa.

Plau ya bapa, iliyofanana na ile ya ng'ombe, waachie wenye mashamba safi yasiyo na mawe wala visiki.